SOMO: Kutia tagi kwenye spea za gari, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Swali la vioo vya pembeni vilivyong'olewa usiku na "ile stika ya kusoma kwa simu" limeulizwa mpaka vidole vinaniuma kujibu. Naliandika lote hapa mara moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua, sitaongeza neno.

Tuelewane kwanza. Tagi ni kibandiko chenye chipu na antena, kinachosomwa kwa mawimbi ya redio (RFID). Haimshiki mtu mkono. Haipigi kelele na haimjui mwizi. Kazi yake inaanza spea ikishakutwa mahali pengine: iwe na namba yake peke yake, wewe uwe na kumbukumbu ya namba hiyo, na mwenye duka abaki hana. Bila hivyo, vioo viwili vya gari la aina moja na rangi moja mbele ya afande ni neno lako na neno lake. Namba ya chasisi iko kwenye bodi, haiko kwenye kioo wala kwenye taa. Anayetaka kuona gari likitembea kwenye ramani atafute kifaa cha GPS. Hilo ni somo jingine.

Hatua ya 1: Orodhesha spea zinazoibwa kwa gari lako. Vioo, taa, kontrolboksi (kompyuta ya gari), betri, rimu, tairi la akiba, redio. Usitie tagi kwenye kila nati.

Hatua ya 2: Chagua aina ya tagi.

Kuna tatu ambazo watu wanazichanganya.

NFC, ya megahezi 13.56. Haina betri. Inaamshwa na simu yenyewe ikisogezwa sentimita moja mpaka nne hivi. Kwa mwenye gari moja au mawili hii ndiyo yako, kwa sababu simu yenye NFC ndiyo kisomaji chenyewe, huenda tayari unayo mfukoni, na afande vilevile, na hata muuza spea. Chipu ya NTAG213 ina baiti 144 za kuandikia, na kwa kazi hii zinatosha na kubaki. Msidanganywe mnunue NTAG216 yenye baiti 888 eti ni "kali zaidi". Unaandika msimbo mfupi, huandiki wasifu.

UHF, ya megahezi 860 mpaka 960. Nayo haina betri, ila inasomwa kwa mita kadhaa na kisomaji maalumu, na kisomaji kimoja kinasoma tagi nyingi kwa mpigo. Hii ni ya yadi, gereji kubwa na wenye magari mengi. Simu ya kawaida haiisomi, kwa hiyo usiinunue halafu uje kusema simu yako mbovu.

Vifaa vya Bluetooth vya kutafutia vitu, kama AirTag. Hivi vina betri ya kidonge, CR2032, na vinaonekana kupitia simu za wapita njia. Vina mambo mawili ya kujua. AirTag imeruhusiwa kufanya kazi kati ya nyuzi -20 na 60 za Selsiasi, kwa hiyo chini ya boneti si mahali pake. Jingine: kifaa kikitembea na mtu asiye mwenye nacho, simu ya mtu huyo inamwonya. Kinga hiyo iliwekwa ili watu wasifuatiliwe kwa siri, na ni kinga nzuri, lakini maana yake mwizi anaambiwa. Usikitegemee kama mlinzi wa siri.

Hatua ya 3: Safisha mahali pa kubandika. Sabuni, kausha, spiriti, kausha tena. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Kitu kimoja hapa. Geuza bampa au kava la plastiki uangalie ndani, utakuta herufi za aina ya plastiki zimechapwa humo, mfano >PP+EPDM< au >ABS<. Ukiona ABS au PC, gundi inashika vizuri. Ukiona PP, gundi ya kawaida inashika leo, gari likioshwa mara mbili tatu stika inaning'inia. PP inataka kupakwa praima ya plastiki kwanza, au tagi yenye tundu ifungwe kwa riveti ya plastiki. Na utepe wa gundi ya povu, ule mzito wa pande mbili, unafikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi. Usibandike asubuhi ukapeleka gari kuoshwa jioni.

Hatua ya 4: Jaribu KABLA ya kubandika. Hatua hii imeshaua tagi nyingi, za kwangu zikiwemo, kwa hiyo soma taratibu.

Chuma na tagi haviivi chungu kimoja. Mawimbi ya kisomaji yakigonga bati au alumini, yanazalisha mkondo wa umeme ndani ya chuma hicho, na mkondo huo unaunda sumaku inayopingana na ya kisomaji. Tagi iliyolala hapo haipati umeme wa kuamka. Haijaharibika, imenyimwa. Utaona mwenyewe: weka stika ya NFC ya kawaida juu ya kontrolboksi, gusa kwa simu, kimya. Ichomekee chini yake kadi nene au vipande viwili vya kandambili, inyanyuke karibu sentimita moja, gusa tena, simu inatetema. Chukua vipande, kimya tena.

Kwa hiyo kwenye chuma unanunua tagi iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma. Za NFC zina ukoko wa feriti mgongoni, mweusi, unaovunjika ukiukunja kwa nguvu. Za UHF za chuma huwa nene zaidi, nyingine za plastiki ngumu au kauri. Stika nyembamba inayopitisha mwanga upande wa pili hiyo ni ya plastiki, kioo na mbao, si ya chuma, hata muuzaji akiapa.

Maonyo ya hatua hii:

Usifunge tagi ndani ya boksi la chuma lililozibwa. Hata tagi ya chuma haitasomeka, mawimbi hayatoki wala hayaingii.

Usiifunike kwa epoksi ya chuma, ile ya kijivu inayouzwa kwa kuziba bloku na matangi. Ina unga wa chuma ndani. Tagi inasomeka kabla hujapaka, inasomeka epoksi ikiwa mbichi ukiwa na bahati, kesho yake haisomeki na huwezi kuitoa. Tumia epoksi angavu isiyo na unga.

Usitie tagi kwenye masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi, catalytic converter). Najua ndiyo yanayoibwa sana kwa sababu ya platinamu, paladi na rodi zilizomo, lakini tagi nyingi za kawaida zinavumilia nyuzi 85 za Selsiasi, na masega yakifanya kazi yanapita mamia ya nyuzi. Halafu anayenunua masega ya wizi anayasaga, hayasomi. Masega yachonge namba ya chasisi kwa kalamu ya chuma, na kama gari liko juu, funga kava la chuma chini yake.

Na hili sitanii: usibandike, usitoboe, usigundishe kitu chochote kwenye begi la hewa au kava lake. Likifyatuka, ulichobandika kinakuja usoni.

Hatua ya 5: Bandika.

Kioo cha pembeni: ndani ya ganda la plastiki, si mgongoni mwa kioo chenyewe. Vioo vingi vina hita nyuma, na hita ni karatasi ya chuma (rudi hatua ya 4). Isitoshe kioo chenyewe ndicho kinachobadilishwa kikivunjika.

Taa: nje, kwenye mgongo wa plastiki, mbali na tundu la balbu. Usifungue taa iliyozibwa ili uweke ndani, utaingiza unyevu na asubuhi taa itakuwa na jasho.

Kontrolboksi: juu ya ganda lake, tagi ya chuma. Usilifungue, lina mpira wa kuzuia maji.

Betri: tagi ya chuma pia, ingawa ganda ni plastiki. Nyuma ya plastiki hiyo kuna sahani za risasi na tindikali. Weka ubavuni, mbali na vichwa vyake.

Rimu ya alumini: tagi ya chuma, upande wa ndani, mbali na breki kadiri inavyowezekana. Joto la breki si la mchezo.

Redio na bampa: rahisi, bandika upande usioonekana.

Kila spea ya thamani itie mbili. Moja mahali ambapo mtu mwenye haraka ataiona na kuibandua akajisifu. Nyingine mahali ambapo lazima spea ifunguliwe ndipo ionekane.

Hatua ya 6: Andika na ufunge. Hapa napo taratibu.

Kwenye tagi andika msimbo usio na maana kwa mtu mwingine, mfano herufi na tarakimu nane ulizobuni. Usiandike jina, usiandike namba ya simu, usiandike namba ya chasisi. Tagi inasomwa na kila mwenye simu yenye NFC. Ukiandika namba yako umempa mwizi njia ya kukupigia akuuzie kioo chako mwenyewe, na biashara hiyo ipo.

Halafu kufunga. Kuna kufunga kwa nywila na kuna kufunga moja kwa moja, na programu nyingi za simu zimeweka vitufe hivyo jirani. Kufunga moja kwa moja hakurudi nyuma. Hakuna programu wala fundi wa kukifungua. Ukikosea herufi moja ukafunga, kosa hilo ni la milele. Kufunga kwa nywila kunarudi nyuma, ila NTAG inaweza kuwekewa kikomo cha kukosea, mara moja mpaka saba, na kikomo kikifika sehemu iliyolindwa haifunguki tena hata ukikumbuka nywila. Kikomo hicho kiacheni kama hamkijui.

Mpangilio ni huu, usiurukie: andika, soma kwa simu nyingine isiyokuwa ile uliyoandikia, nakili kwenye daftari, bandika, soma tena ikiwa mahali pake, ndipo ufunge. Mimi nafunga moja kwa moja, kwa sababu sina sababu ya kubadilisha msimbo.

Wenye UHF: nywila ya kutoka kiwandani ni sufuri tupu. Weka yako, kisha funga na ile sehemu inayohifadhi nywila zenyewe. Tagi hizi zina amri ya kuziua kabisa. Haifanyi kazi nywila ya kuulia ikiwa sufuri, lakini ukiacha sehemu hiyo wazi, mtu ataandika nywila yake kisha ataiua.

Hatua ya 7: Daftari. Tagi bila daftari ni kibandiko tu. Kwa kila tagi: picha ya spea ikiwa kwenye gari na namba ya gari ikionekana, picha ya karibu ya tagi, namba ya spea iliyochapwa na kiwanda, msimbo ulioandika, na UID. UID ni namba ya chipu ya kiwandani, kwenye NTAG ina baiti 7 na huanza na 04. Kwa UHF andika TID, namba ya chipu ya kiwandani. Usitegemee EPC peke yake, msimbo ule ambao kisomaji cha UHF huonyesha kwanza, hiyo huandikika upya.

Nakili UID kama ilivyo na uandike umesoma kwa programu gani. Visomaji vingine vinaigeuza nyuma mbele, vingine vinaionyesha kwa desimali. Tagi ni ile ile, lakini mbele ya mtu asiyejua utaonekana mwongo. Nakala moja ya daftari ikae nje ya gari. Kuna mtu aliweka yote kwenye droo ya dashibodi.

Hatua ya 8: Bandika tangazo dogo kwenye kioo cha dirisha kuwa spea zina alama. Usiseme ziko wapi.

Maswali sasa.

---

Mgeni wa Jana: Mkuu somo zuri. Hii tagi itanionyesha mwizi alipo?

Jibu: Aya ya pili.

---

Nati Kumi na Tatu: Mimi nilinunua pakiti nzima ya stika za NFC, nikabandika kontrolboksi, betri na rimu zote nne. Hakuna hata moja inayosoma. Hizi tagi mnazosifia ni feki, watu wanapigwa hela.

Jibu: Umebandika kwenye alumini, risasi na alumini. Hatua ya 4 nimeiandika kwa urefu kuliko zote na umeiruka yote. Stika zako si feki. Zibandue polepole kwa joto la mashine ya kukausha nywele, zile ambazo hazijakatika antena zipeleke kwenye vioo, taa na bampa. Kwenye chuma nunua za chuma.

Nati Kumi na Tatu: Sawa lakini ungesema mapema.

Jibu: Nimesema kwenye somo unalolitolea maoni.

---

Mama Magari: Habari za kazi fundi. Nina magari ya mizigo yanalala yadi moja. Vioo haviguswi, kinachopotea ni betri na matairi ya akiba, na naamini vinatoka getini mchana kweupe. Nimesoma hatua ya 2, nimeona UHF ndiyo inayonifaa. Kisomaji nikikiweka getini si kitasoma tagi za kila gari linalopita? Nitajuaje kipi kimeibwa?

Jibu: Nzuri dada, na hilo ndilo swali ambalo wauzaji wa mitambo hawapendi kuulizwa. Ndiyo, kitasoma zote, na ndivyo unavyotaka. Kazi haiko kwenye kusoma, iko kwenye kulinganisha.

Tia tagi kwenye gari lenyewe pia, zaidi ya zile za spea zake. Kwenye mfumo, kila betri na kila tairi liandikishwe chini ya gari lake. Gari likipita na betri yake, kimya. Tagi ya betri ya gari la tatu ikipita pamoja na gari la tano, king'ora. Tagi ya betri ikipita bila gari lolote, king'ora. Na hili wengi wanalisahau: gari likipita na betri yake isisomeke, nayo iandike. Mtu akifunga betri kwa karatasi ya alumini kisomaji hakioni kitu, kwa hiyo kukosekana kwa tagi nako ni taarifa.

Antena weka mbili, moja upande wa ndani ya geti na moja upande wa nje, ili mfumo ujue kitu kinaingia au kinatoka kwa kuangalia ipi imesoma kwanza. Nguvu ya kisomaji usiiache juu kabisa. Ipunguze mpaka magari yaliyoegeshwa karibu na geti yasisomwe, vinginevyo king'ora kitalia siku nzima na mlinzi atakizima. Kikishazimwa mara moja hakiwashwi tena.

Kuhusu tairi la akiba lililoning'inia chini ya chasisi, tairi lina nyaya za chuma na juu yake kuna chuma. Tagi iwe ubavuni mwa tairi upande unaotazama antena, na upitishe gari getini kwa mwendo halisi kabla ya kulipa mtu. Baadhi ya watengenezaji, Michelin mmojawapo, wanatia chipu za RFID ndani ya matairi kutoka kiwandani, kwa hiyo jaribu kusoma matairi yako kabla hujabandika kitu.

Masafa: Ulaya wanatumia 865 mpaka 868, Marekani 902 mpaka 928. Kisomaji kifuate kanuni za nchi yako. Tagi nyingi za UHF zinafanya kazi pote, hilo lisikusumbue. Kabla ya geti lote, anza na kisomaji cha mkononi na mtu mmoja wa kuzunguka yadi jioni. Utajua kinachopotea na zamu ya nani.

Mama Magari: Hapo kwenye kukosekana umenifungua macho. Asante sana.

---

Bwana Mashaka: Mwizi si atabandua tu? Naona mnapoteza muda.

Jibu: Ataibandua ile aliyoiona. Soma mwisho wa hatua ya 5. Kutafuta ya pili lazima afungue ganda la kioo au apitishe spea kwenye kisomaji, na kwenye spea anayotaka kuiuza leo hii hana muda huo. Mwingine anategemea tu kwamba hukuweka daftari, hiyo ndiyo salama yake.

---

Kijana wa Waya: Kaka, nasoma elektroniki. NTAG213 si inaweza kunakiliwa? Nimeona chipu za kuandika UID yoyote. Je, mtu hawezi kutengeneza nakala ya tagi yangu akaweka kwenye spea nyingine?

Jibu: Anaweza. UID ya NFC si siri, inasemwa hewani kwa kila anayeuliza, na chipu za UID ya kuandikika zipo. NTAG213 ina saini ya kiwanda iliyotokana na UID, ambayo unaweza kuikagua kujua chipu imetoka kwa mtengenezaji wake, NXP, lakini saini hiyo ni ile ile kila siku, kwa hiyo anayenakili kwa makini anaibeba nayo.

Ukitaka chipu ambayo kunakili maandishi yake hakusaidii, angalia NTAG 424 DNA. Hiyo ina ufunguo wa siri wa biti 128 ndani (usimbaji wa AES), na kila ikiguswa inatoa anwani ya wavuti yenye hesabu ya mara ngapi imeguswa na muhuri mpya uliotokana na ufunguo. Seva yako inakagua muhuri. Anayenakili anwani ya leo, kesho inakataliwa kwa sababu hesabu imeshapita. Jaribu kuijenga, ni mradi mzuri wa chuo.

Ila jiulize mwizi wa taa anapata nini kwa kunakili tagi yako. Anataka namba ipotee, hataki iongezeke. Kunakili ni tatizo la watu wanaouza spea bandia kama za kiwandani, huko 424 ina maana. Kwa wizi wa kung'oa, fedha ya chipu ghali itumie kununua tagi mbili za kawaida. Na kaa mbali na chipu za MIFARE Classic kwa kazi yoyote ya usalama, usimbaji wake ulivunjwa hadharani tangu 2008.

---

Mwenye iPhone: Nimeandika msimbo wangu, Android inaonyesha, iPhone haionyeshi kitu. Tagi mbovu?

Jibu: Si mbovu. iPhone kuanzia XS inasoma yenyewe bila kufungua programu, lakini inajitokeza kwa anwani ya wavuti na vitu vya aina hiyo, si maandishi matupu. Fungua programu ya kusomea NFC utauona. Na gusa kwa ukingo wa juu wa simu, antena iko huko. Android nyingi iko katikati ya mgongo. Umeuliza vizuri kwa sababu umejaribu na simu mbili.

---

Fundi Rangi: Mkuu niongezee. Gari likija kupigwa rangi, mwambie fundi kuna tagi. Bampa tunaitoa, tunaipiga msasa, na chumba cha kukaushia kinaweza kufika nyuzi 60 mpaka 80. Tagi inavumilia, gundi nyingine haivumilii. Halafu rangi yenye chembe za alumini usiipitishe juu ya tagi.

Jibu: Asante fundi, hilo sikuliandika. Kila spea ikishafunguliwa gereji, soma tagi tena gari likirudi. Unakagua tagi, na unakagua kama spea iliyorudi ni ile ile.

Fundi Rangi: Hiyo ya pili usiiseme kwa sauti.

Dada Spana: Na mimi kidogo tu: nati za rimu za kufungwa kwa soketi maalumu. Watu wanazinunua kisha soketi yake wanaiacha kwenye droo ya dashibodi. Mwizi anaanzia hapo.

Jibu: Pamoja na daftari la yule wa hatua ya 7.

Dada Spana: Swali langu sasa. Nimeona vidonge vya kioo vidogo kama punje, vile wanavyowawekea mbwa na paka. Vinafaa kwenye spea?

Jibu: Vinafaa, na wachache wanavifikiria. Hivyo ni vya masafa ya chini, kilohezi 134.2, familia moja na chipu zilizo ndani ya funguo nyingi za gari. Urefu wa kawaida ni milimita 12, unene 2. Masafa ya chini yanavumilia maji na uchafu vizuri, na karibu na chuma yanaumia kidogo kuliko NFC. Unatoboa tundu dogo kwenye plastiki nene, mfano shina la kioo cha pembeni, unatumbukiza, unaziba kwa epoksi angavu, unapaka rangi. Haionekani kabisa. Kasoro yake ni moja, simu haisomi, lazima uwe na kisomaji chake, na afande hana. Kwa hiyo iwe tagi ya pili. Ya kwanza ibaki NFC.

---

Mnunuzi: Nimenunua taa iliyotumika, nikagusa kwa simu baada ya kusoma hapa, imetoa namba. Ina maana ni ya wizi? Naogopa.

Jibu: Si lazima. Magari yaliyogongwa huuzwa vipande vipande kihalali, tagi zikiwa bado ndani, na hata wavunja magari wengine wanatia tagi zao kwa ajili ya stoo. Usiibandue, ukiibandua ndipo unapoonekana mwenye hatia. Nakili UID, piga picha, mrudie muuzaji umwombe risiti na asili ya taa. Akikujibu vizuri, tunza majibu. Akianza kukufokea au akikuambia "itoe tu hiyo stika", nenda polisi na taa yako na risiti yako mwenyewe, kabla hawajakujia.

Na kwa upande wa pili, wewe uliyeibiwa ukakuta kioo chako kinauzwa: gusa kimya kimya, ondoka, rudi na askari na daftari. Usigombane na mtu dukani. Kioo kitahamishwa kabla hujamaliza kupiga kelele.

---

Mgeni wa Jana: Naomba namba ya anayeuza tagi.

Jibu: Siuzi na simtangazi mtu. Tafuta NTAG213 ya kawaida kwa plastiki, NTAG213 yenye feriti kwa chuma.

---

Baba Wawili: Nikiuza gari je? Tagi zimefungwa moja kwa moja, msimbo ni wangu.

Jibu: Msimbo hauna jina lako kama ulifuata hatua ya 6, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Mpe mnunuzi nakala ya daftari pamoja na karatasi za gari, mwandikiane tarehe, na wewe kwenye nakala yako uandike "imeuzwa". Kama ni UHF mpe na nywila. Akikataa kupokea kwa sababu haelewi, mpe hivyo hivyo aweke na kadi ya gari.